Pampu ya sodiamu ikizuiwa, mbona neva haizimiki papo hapo?

seli_moja ameuliza:
Wakuu, habari zenu. Maelezo mengi ya msukumo wa neva huenda hivi: sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, kisha pampu inarudisha kila kitu mahali pake. Lakini aksoni kubwa ya ngisi (uzi mrefu wa seli ya neva unaopitisha msukumo), hata pampu yake ikizuiwa kwa ouabaini, dawa inayosimamisha pampu hiyo, huendelea kupitisha misukumo kwa muda mrefu. Kama pampu ndiyo inayorudisha volti kwenye -70 mV, hilo linawezekanaje? Na aksoni nyembamba nazo huvumilia vivyo hivyo?

mV_sabini amejibu:
Kosa liko kwenye hilo neno "kisha". Pampu hairudishi volti. Volti hurudishwa na potasiamu yenyewe inapotoka, pamoja na milango ya sodiamu (vitundu vya kwenye utando wa seli) kujiziba.

Ndani ya seli ya mamalia kuna potasiamu kama 140 mM (milimoli kwa lita) na sodiamu 12 hivi. Nje ni kinyume, potasiamu 4 na sodiamu 145. Utando uliotulia huvujisha zaidi potasiamu, ndiyo maana volti hukaa jirani na usawa wa potasiamu, yaani volti ambayo ioni hiyo haiingii wala haitoki kwa jumla (kama -95 mV), na mbali na ule wa sodiamu (kama +65). Utando ukisukumwa hadi kizingiti, tuseme -55, milango ya sodiamu hufunguka. Sodiamu inayoingia hupandisha volti, volti hufungua milango mingine, na kufumba na kufumbua mko +30 au +40. Baada ya kama milisekunde moja kila mlango wa sodiamu huzibwa na kizibo chake cha upande wa ndani. Milango ya potasiamu ni mizito kufunguka, kwa hiyo huchangamka wakati huohuo. Potasiamu inatoka, volti inashuka, mara nyingi hata kupitiliza chini ya ilipoanzia.

Sasa linganisha kasi. Mlango mmoja ukiwa wazi hupitisha ioni milioni kadhaa kwa sekunde. Pampu moja huzunguka mara mia moja au mbili kwa sekunde, kila mzunguko ikitoa sodiamu 3, kuingiza potasiamu 2 na kutumia molekuli 1 ya ATP, nishati ya seli. Msukumo wote ni milisekunde 1 hadi 2: umekwisha kabla pampu haijamaliza mzunguko hata mmoja.

hesabu_tu amejibu:
Naongezea namba, maana ndizo zinazojibu swali la pili.

Utando una uwezo wa kuhifadhi chaji wa kama mikrofaradi 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kuubadilisha kwa 100 mV kunahitaji kulombu 10⁻⁷. Gawanya kwa 96,500 (kulombu za moli moja ya ioni), unapata pikomoli 1 ya ioni. Kwa ngisi ni 3 hadi 4, kwa sababu sodiamu inaendelea kuingia huku potasiamu imeshaanza kutoka, na sehemu ya kazi inapotea bure.

Aksoni ya ngisi yenye kipenyo cha mikromita 500 hupoteza kwa kila msukumo takriban ioni moja katika kila milioni ya potasiamu iliyomo. Ghala ni kubwa mno kuisha upesi. Chukua sasa aksoni ya mikromita 0.5 isiyo na mailini (ala ya mafuta inayozunguka baadhi ya aksoni). Eneo la utando kwa kila ujazo ni mara 1,000 zaidi. Hata tukichukulia pikomoli 1.3 tu, sodiamu ya ndani hupanda kama 0.1 mM kwa kila msukumo. Misukumo 100 bila pampu huongeza 10 mM: sodiamu inakuwa karibu maradufu ya ilivyokuwa. Kwa hiyo hapana, nyembamba hazivumilii.

kizibo amejibu:
Hesabu ni sahihi, ila kinachozizima mara nyingi si sodiamu kujaa ndani. Angalia nje. Nafasi kati ya seli ni finyu sana, na potasiamu ya nje ni chache tangu mwanzo. Ikipanda kutoka 4 hadi 8 mM, usawa wa potasiamu husogea kutoka -95 hadi kama -76. Utando uliotulia unapanda nao. Mwanzoni neva huwa na papara, inafyatuka kwa kichocheo kidogo; volti ikizidi kupanda, vizibo vya sodiamu havitoki tena na neva inanyamaza huku sodiamu ya nje ikiwa tele. Anayeona kufyatuka kumeongezeka asiseme dawa haijafanya kazi.

Ndiyo maana katika jaribio la ouabaini lazima upime volti ya utulivu pamoja na misukumo. Itapanda milivolti chache mapema, kwa kuwa kila mzunguko wa pampu hutoa chaji moja zaidi ya inayoingia. Kinachofuata polepole ni upotevu wa ghala. Ukitaka kulinganisha, weka tetrodotoksini: inaziba milango ya sodiamu yenyewe, misukumo inakatika ndani ya dakika chache na volti ya utulivu haibadiliki sana.

seli_moja:
Asante sana wakuu. Nikitumia neva ya panya, kipimo cha ouabaini kilekile cha ngisi kitatosha?

kizibo:
Usikichukue hivyohivyo. Panya wana pampu ya aina ya alfa-1 iliyo sugu kwa ouabaini, wakati alfa-3 ya niuroni huzuiwa kwa kipimo kidogo. Dozi ndogo itakuachia sehemu ya pampu ikifanya kazi, nawe utadhani neva ni vumilivu.