Naomba ushauri: 1111 kwa besi ya 7

Habari zenu walimu na wapenzi wa hesabu. Naandaa zoezi la besi za namba (kuhesabu kwa makundi ya 7, kwa mfano, badala ya 10) kwa klabu ya sekondari hapa Mbale, Uganda, nimekwama.

1111 kwa besi ya 7 ni 343 + 49 + 7 + 1 = 400, yaani 20 mara 20. Inapendeza mno! Nataka kuonyesha kwamba hakuna besi nyingine inayoifanya 1111 kuwa namba mraba.

Kwa besi b, namba hiyo ni (b + 1)(b² + 1). b ikiwa shufwa, mabano mawili hayana kigawo cha shirika zaidi ya 1, hivyo b² + 1 ingekuwa namba mraba, na hilo haliwezekani. Ikiwa witiri, kigawo kikubwa cha shirika ni 2, basi b + 1 = 2x² na b² + 1 = 2y². Sharti la pili linanipa b = 7, 41, 239, 1393... Nikiongeza 1 na kugawa kwa 2 napata 4, 21, 120, 697. Ni 4 tu iliyo namba mraba (120 imepungukiwa na 1 tu!).

Lakini orodha haina mwisho, na kujaribu si kuthibitisha. Je, kuna namna ya kuifunga kwa mabaki ya kugawanya, ambayo mwanafunzi wa S.4 (mwaka wa nne wa sekondari) ataifuata? Kama haipo, niishie hatua gani bila kuwadanganya?