Rimapu ya BMW 320i (F30, mashine N20): nikague nini kabla ya kumpa fundi gari?

Darajani_320
Assalaam alaykum wanajukwaa. Gari ni BMW 320i F30 ya 2013, imetoka Japani, kilomita 96,000, mashine N20, gia boksi otomatiki ya gia 8. Kuna fundi anavuka kutoka bara na laptopu yake, anasema atafanya rimapu, yaani atabadilisha programu ya kontroli boksi (kompyuta ya mashine), nguvu itoke farasi 184 ifike 245, "kwa sababu 320i na 328i ni mashine moja, tofauti ni programu tu". Kazi ya nusu saa, hapo hapo nyumbani. Maneno hayo ni kweli? Na petroli yetu itahimili?

Shamba_Turbo
Waalaykum salaam. Nianze na hilo la "mashine moja", maana ndilo litakalokuulia gari. Si kweli. 320i ina mgandamizo wa 11:1, 328i ina 10:1. Pistoni ni tofauti. Kwako hewa na petroli zinabanwa zaidi kabla cheche haijapiga, kwa hiyo ziko karibu zaidi na kujilipukia zenyewe, na huko ndiko mashine kugonga. Ukiingiza faili (programu) ya 328i umeipa gari presha ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya mashine, na taimingi ya cheche iliyopangiwa pistoni nyingine. Alfajiri gari itapaa. Mchana wa Februari, kiyoyozi kimewashwa, kompyuta itaanza kurudisha cheche nyuma kujiokoa, na nguvu uliyoilipia huioni. Siku ikichelewa kuirudisha, pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi.

Mwambie unataka faili iliyoandikwa kwa 320i, programu ya namba ile ile iliyomo kwenye kompyuta yako, na kwa petroli ya pampu za hapa, si ya okteni 98 ya Ujerumani (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kujilipukia). Kiwandani gari inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 270. Mimi ningeomba ifike 340 hadi 350 basi, na ipande taratibu kuanzia raundi 2,200 kwa dakika. Torki kubwa raundi za chini ndiyo inayogongesha, si raundi 6,000.

Fundi_Bububu
Nakubaliana, lakini kabla ya faili kuna cheni. N20 zilizotengenezwa kabla ya mwanzo wa 2015 zina miongozo ya plastiki ya cheni ya taimingi inayokauka na kukatika, na ya kwako imo. Asubuhi mashine ikiwa baridi, funua boneti, mtu akanyage taratibu kutoka raundi 1,000 hadi 3,000. Ukisikia mluzi unaopanda pamoja na raundi, kama cherehani inayokimbizwa, rimapu iache kwanza. Vipande vya plastiki huangukia kwenye sampu (sinia la oili chini ya mashine) vikaziba chujio la pampu ya oili. Kuifungua sampu ya F30 ni kazi, lazima uining'inize mashine kwa juu na kushusha fremu ya mbele, lakini ndiyo njia ya kuwa na hakika.

Plagi weka mpya zote 4, pengo 0.6 mm, kaza kwa Nm 23 mashine ikiwa baridi. Pengo likiwa kubwa, presha ikipanda cheche inazimika na gari inamisi ukikanyaga tu. Watu wanalaumu faili bure. Ukichomoa koili tazama pini zake: hewa yetu ya chumvi inaleta kutu ya kijani, na pini moja yenye kutu inatosha kukusumbua mwezi mzima.

Halafu bomba la plastiki linalotoka intakula (kipoza hewa ya tabo) kwenda kwenye throto (mlango wa hewa ya mashine). Hupasuka shingoni, pale linaposhikwa na klipu. Ziba mdomo wa tabo, pampu hewa ya bar 1, paka povu la sabuni. Povu likifurika, badilisha bomba kabla hujalipa mtu yeyote. Oili lita 5 za 5W-30 yenye alama ya LL-01 (kiwango cha oili cha BMW), na uimwage kila kilomita 7,500, usisubiri gari ikukumbushe.

Laptopu_Chake
Kuhusu nusu saa nyumbani: inawezekana, ila muulize anakuja na kifaa gani cha kushikilia umeme. Kontroli boksi yako, MEVD17.2.9, huandikwa kupitia soketi ya OBD (ile ya kuchomekea kifaa cha kupimia gari). Wakati wa kuandika swichi ya gari imewashwa lakini mashine haiwaki, feni ya mbele inaweza kuwaka yenyewe, na betri inashuka haraka. Volti zikianguka katikati ya kazi kompyuta inabaki na programu nusu, gari haiwaki tena, na kuifufua ni kuitoa na kuifungua mezani. Anahitaji pawa saplai inayoshika volti 13.5 bila kuyumba, ampea 50 au zaidi. Chaja ya gereji inayopanda na kushuka haifai. Umeme wa nyumba ukikatika, betri nzuri ya gari itakubeba dakika zilizobaki, kwa hiyo betri iliyochoka ibadilishwe kwanza. Laptopu nayo iwe na chaji yake kamili.

Jambo jingine: kwenye kompyuta hizi kifaa mara nyingi hakisomi programu yote kupitia OBD, kinatambua namba ya toleo kisha faili ya asili inaletwa kwa intaneti. Dai nakala ya hiyo faili ya asili kwenye flashi yako kabla hajagusa kitu.

Petroli_Kwanza
Jaza kituo kimoja chenye wateja wengi. Ya chupa za njiani usiitie kabisa. Dawa za kuongeza okteni soma vizuri: ikiandikwa "pointi 5", mara nyingi pointi moja ni sehemu ya kumi, yaani 95 inakuwa 95.5. Zenye manganizi zinaacha rangi ya matofali kwenye plagi.

Darajani_320
Ahsanteni sana. Anasema pia ataweka ile milio ya risasi ekzosi ukiachia pedali. Na baada ya kazi nitajuaje imekaa sawa?

Shamba_Turbo
Milio mkatalie. Ni petroli inayoachwa iungulie ndani ya ekzosi. Inakaanga katalitiki (kisafisha moshi cha ekzosi) na inaipa tabo joto lisilo na kazi.

Kujua: rekodi data kabla na baada, kwa njia ile ile. Gia ya 3, kanyaga kutoka raundi 2,000 hadi 4,500. Hapo unafika kama kilomita 80 kwa saa. Chagua barabara nyoofu alfajiri. Jioni usijaribu, watoto wanatoka chuoni. Tazama presha ya tabo inayoombwa na kompyuta na inayopatikana, cheche kwa kila silinda, joto la hewa inayoingia, presha ya reli ya petroli. Silinda zaidi ya moja zikirudishwa digrii 3 au zaidi, na ikajirudia kila ukikanyaga, faili ni kali kuliko petroli yako. Hewa ikivuka digrii 60, pumzisha gari kwanza, vipimo vyake havikuambii kitu.

Laptopu_Chake
Na aseme kama ataigusa hesabu ya torki, ile ambayo kompyuta ya mashine huipa gia boksi. Gia boksi yako, ZF 8HP45, imepangiwa hadi Nm 450, nguvu hiyo inaibeba. Lakini inabana klachi zake kwa kufuata torki inayotajiwa na mashine. Akiidanganya iamini ni 270 wakati ni 350, zitateleza.