Mrejesho: kofia ya pangaboi ya Cessna 172, Lubumbashi

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu nyufa zinazozunguka matundu ya skurubu kwenye kofia ya pangaboi (koni inayofunika kitovu cha pangaboi puani) ya Cessna 172, ndege yetu ndogo ya zamani, hapa uwanja wa ndege wa Luano. Mlisema tusichomelee, na fundi wetu mwenye leseni alikubali: alumini ile ni nyembamba, na kiraka huharibu mizani. Tulipofungua, kumbe bamba la nyuma, lile ambalo kofia hufungwa kwalo, nalo limepasuka! Vyote viwili vimebadilishwa. Kazi kubwa ilikuwa shimu za mbele, yaani vipande vyembamba vya kujazia nafasi: kofia lazima isukumwe ikaze kidogo juu ya kishikizo chake cha mbele ndipo matundu ya skurubu yalingane, la sivyo itatetemeka na kupasuka upya. Washa (vipete vya chini ya skurubu) za nailoni ni mpya. Injini imewashwa, kofia haiyumbi. Papa uliyesisitiza tukague bamba, aksanti sana.