Mto Ruaha Mkuu unakatikia wapi?

Mtoto wa Rujewa: Wakuu, Oktoba nilipita Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, nikakuta mchanga mtupu, viboko wamebanana dimbwini. Maji ya kwetu Usangu yanaishia wapi?

Fundi Mfereji: Kwenye sahani yako ya wali wa Mbarali! Wabaluchi, wahamiaji wenye asili ya Baluchistan, walichimba mifereji ya mpunga zamani, yakaja mashamba makubwa, kisha Wasukuma na ng'ombe. Maji ya Ihefu, kile kinamasi cha Usangu, yakishuka chini ya mwamba wa N'giriama ulio kwenye mlango wake wa kutokea, hayatoki tena kwenda mtoni. Tangu 1993 mto hukauka kila kiangazi.

Mzawa wa Kalenga: Msiuchanganye na Ruaha Mdogo, unaopita kwetu, kwenye ngome ya Mkwawa waliyoiteka Wajerumani 1894. Huu hauingii Ihefu.

Mtoto wa Rujewa: Kumbe! Na baba ana majaruba matatu…