MREJESHO: Ile meza ya useremala ya kukunja, msumeno umefungwa

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa nifunge mashine gani kwenye meza ya kukunja, maana nimepanga chumba na sebule, kazi nafanyia kibarazani. Asanteni sana kwa majibu.

Nilimsikiliza aliyesema nianze na msumeno wa mviringo wa inchi 7, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) isubiri. Nimeugeuza juu chini na kuufunga kwa bolti nne chini ya plaiwudi ya milimita 18. Siku ya kwanza nati mbili zililegea kwa mtikisiko; nikaongeza nati juu ya nati, zimetulia. Swichi iko mbele, usawa wa goti. Kuinama kutafuta kitufe huku meno yanazunguka ni kujitafutia balaa.

Palipokwama: plaiwudi imekula kina cha kukata. Msumeno ulikuwa unakata kina cha milimita 65, sasa 47 tu, kwa hiyo mbao ya inchi 2 napasua upande mmoja kisha naigeuza. Miguu nayo inacheza nikisukuma ubao mrefu. Nimening'iniza mfuko wa mchanga, afadhali kidogo. Mwenye dawa aseme.

Stuli mbili za mkongo zimeshatoka. Moja kaichukua mama mwenye nyumba, kelele kasamehe.