Kikundi cha Ukoo: Dawa ya Kiungulia na Vidonge vya Kisukari

Mjomba Hamisi: Asalaam aleikum, ndugu zangu. Zainabu, wewe ni mfamasia, tusaidie. Shangazi yako ametuma picha ya dawa zake: metformini, aliyoanzishiwa alipogundulika na kisukari, na omeprazoli, ambayo alikuwa akiinunua duka la dawa kiungulia kikimzidi na sasa anaimeza kila asubuhi. Je, zinapatana?

Zainabu: Waaleikum salaam. Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Zinaweza kutumika pamoja, na wagonjwa wengi huandikiwa zote mbili. Ninachokihofia ni vitamini B12. Asidi ya tumbo ndiyo inayoitoa vitamini hiyo kwenye nyama, samaki na mayai, na omeprazoli huipunguza asidi hiyo. Metformini nayo huizuia vitamini isifyonzwe vizuri mwishoni mwa utumbo mdogo. Kwa kuwa ini huweka akiba ya miaka kadhaa, upungufu hujitokeza polepole, wakati ambapo hakuna tena anayezifikiria dawa hizo.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba, mwanangu. Mimi nyayo huniwaka moto usiku, na wakati mwingine ndala hunivuka njiani nisijue mpaka nikanyage mchanga. Nimeambiwa ni sukari.

Zainabu: Huenda ni sukari kweli, Shangazi, kwa sababu ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Hata hivyo, upungufu wa B12 huleta ganzi na kuwaka moto kwa namna ile ile, nao hutibika kwa sindano au vidonge iwapo utagunduliwa kabla mishipa haijaharibika sana. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba upungufu huu ni wa kawaida kwa watumiaji wa metformini, ikashauri wenye dalili wapimwe. Tafadhali muombe daktari akupime B12 na wingi wa damu.

Kaka Idrisa: Mimi natumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na nikijisikia gesi baada ya kula hutafuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu. Nami nipime B12?

Zainabu: Kwako shida ni nyingine, Kaka. Magnesiamu huweza kuharakisha kufyonzwa kwa glibenklamidi, sukari ikashuka ghafla: jasho jembamba, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Usivitumie kwa wakati mmoja, na mweleze daktari wako kuwa unavitafuna. Mwenye metformini naye awe mwangalifu na simetidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu huzuia figo kuitoa metformini mwilini, na kiwango chake katika damu kikapanda. Kwa mtu ambaye figo zake ni dhaifu, hilo si jambo dogo.

Mama Salma: Basi wifi aache omeprazoli leo hii?

Zainabu: Hapana, Mama, naomba asiache kwa kauli yangu. Aliyewahi kutokwa damu kwenye vidonda vya tumbo, au anayetumia aspirini ya moyo, huenda anaihitaji sana. Tena mtu aliyeizoea akiikatisha ghafla, asidi huweza kurudi kwa nguvu. Shangazi, kiungulia hicho kilianza lini?

Shangazi Mwanaidi: Kilianza nilipoongezewa metformini. Nayo huimeza alfajiri kabla ya chai, ili nisisahau.

Zainabu: Hilo ni muhimu kuliko yote tuliyoyasema. Metformini ikimezwa tumbo likiwa tupu huweza kulichafua na kuleta kichefuchefu, kuharisha au kiungulia, na mara nyingi mgonjwa huongezewa dawa ya tumbo badala ya kurekebishiwa ya kwanza. Kuanzia sasa imeze katikati ya chakula, na umuulize daktari kuhusu metformini inayoyeyuka polepole. Tumbo likitulia, yeye ataamua jinsi ya kuipunguza omeprazoli.

Mjomba Hamisi: Alhamisi nitampeleka kliniki mwenyewe. Shangazi, tia pakiti zote mfukoni, hata za dukani.

Zainabu: Ahsante, Mjomba. Waombeni wapime na figo, maana dozi ya metformini hupangwa kwa kuziangalia.