Tupeane uzoefu: majumba ya sinema ya mtaani

Ndugu zangu, nakusanya historia ya majumba ya sinema yaliyokuwa katika mitaa ya jiji letu kabla ya kugeuzwa maghala na maduka. Matangazo ya magazeti ya zamani yananipa jina la filamu na saa ya kuonyeshwa, lakini hayasemi lolote kuhusu watu waliokuwa nyuma ya ule ukuta wenye vitundu vilivyopitisha mwanga wa projekta, mtambo wa kuonyeshea filamu. Aliyefanya kazi humo, au aliyekaa vitini tu, naomba atueleze aliyoyaona.

Msaidizi wa zamani wa chumba cha projekta:
Filamu ilitufikia ikiwa imegawanywa katika mikanda ya milimita 35, kila mmoja ukichukua dakika zisizozidi 20 hivi, ndiyo maana tulikuwa na projekta mbili. Macho yangu hayakubanduka kwenye kona ya juu ya picha, upande wa kulia: alama ya kwanza ya kuashiria kuwa mkanda unakaribia kuisha ilipotokea niliwasha mota ya projekta ya pili, na sekunde chache baadaye, kwa alama ya pili, nilihamishia picha kwenye projekta hiyo. Siku niliyosinzia, pazia la kuonyeshea picha lilibaki jeupe, na miluzi ya vijana wa viti vya mbele naisikia hadi leo. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyopungua kadiri vilivyoungua. Ukivisahau, picha inafifia.

Muuza tiketi mstaafu:
Kaka amesahau baiskeli. Nakala moja ya filamu ilihudumia majumba mawili usiku uleule: mkanda ulipoisha kwetu, kijana aliupakia na kukimbia nao kwenye jumba la pili, ambako onyesho lilikuwa limeanza baadaye kidogo. Usiku mmoja tairi lilipata pancha, na wenzetu wa kule wakalazimika kuwasha taa katikati ya harusi ya mhusika mkuu.

Msaidizi wa zamani:
Ni kweli, dada. Watu huilaumu televisheni, nayo ilitupunguzia watazamaji, lakini kwetu pigo la mwisho lilikuwa filamu za kidijitali, zisizohitaji mikanda: mikanda ilipoacha kuletwa, mwenye jumba hakumudu mtambo mpya.

Fundi ujenzi:
Mimi niligeuza jumba moja kuwa duka. Vile vitundu vya projekta vilikuwa na vifuniko vya chuma, na nilidhani ni vya kuzuia wezi. Kumbe mikanda ya nitreti ya selulosi, aina ya plastiki inayowaka upesi, iliyotumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikishika moto haizimiki hata kwa maji, kwa kuwa hujitolea oksijeni yenyewe. Vifuniko viliangushwa ili moto usiingie ukumbini. Sakafu iliteremka kuelekea lilipokuwa pazia, na mwenye duka hakutaka gharama za kuisawazisha, hivyo tulichonga kabari za mbao za kuegemeza kila rafu. Ziko hadi leo, na kopo likidondoka hubingirika hadi ukuta wa mbele.